Risala ya Wenye Boti na Waongoza Wageni wa Mwalo wa Kibirizi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, wazee wetu wa Ujiji na Kibirizi, wakufunzi wetu, akina mama wachuuzi wa dagaa mlioacha vichanja vyenu asubuhi hii, wahitimu wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kwa salamu ya kwetu, mwakeye!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kushuka mpaka hapa mwaloni, mahali ambapo kazi yetu inafanyika, badala ya kutuita ofisini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na boti tatu za mbao na injini moja tuliyokuwa tukiazimana. Leo tuko wanachama 26, na 11 kati yetu ni wanawake. Tunavusha wageni kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe, tunawazungusha Ujiji, na wakati mwingine tunafika mbali hadi Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe. Leo tunahitimu mafunzo ya wiki tatu ya kuongoza wageni, huduma ya kwanza na usalama majini. Mahitaji yetu ya kawaida, yaani injini, jaketi za kuokolea na chumba cha ofisi, tumeyaandika kwenye barua ambayo mwenyekiti atakukabidhi. Risala hii ina ombi moja tu. Tunaomba ziwa letu, Ziwa Tanganyika, liwekewe kikomo cha wageni, na kiwekwe sasa, kabla wageni wengi hawajafika.

Huenda ombi hili likashangaza likitoka kwa watu wanaoishi kwa nauli za wageni. Tunaomba utuvumilie tulieleze.

Kigoma ni mwisho wa reli, na sasa reli ya kisasa ya kilomita 506 kutoka Tabora inakuja kwetu. Itakapofika, safari ambayo leo inamchosha mgeni itakuwa nyepesi. Vijiweni hapa watu wanazungumza habari za meli za kitalii zitakazozunguka ziwa, kutoka Kigoma hadi Mahale na kuendelea hadi Mpulungu, Zambia. Sisi tunazipokea habari hizo kwa furaha, maana mji huu umelelewa na meli. Wazee waliopo hapa wanajua habari za meli yetu ya Liemba kuliko sisi: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku 5,000, ikaja kwa bahari na kwa reli, ikaungwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Iliposimama mbele ya kijiji kisicho na gati, mitumbwi ya wenyeji ndiyo iliyokwenda kushusha watu na mizigo. Kila kijiji kilipata chake. Tunaomba ulikumbuke hilo, Mheshimiwa, maana tutalirudia.

Katika mafunzo yetu tulitumia siku mbili nzima kujifunza habari za bandari za wenzetu zenye mandhari nzuri, na siku hizo zilitukosesha usingizi. Kuna meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024. Urefu wake ni mita 365, karibu sawa na Liemba tano zikipangwa mstari mmoja, na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Meli ya namna hiyo haiwezi kufika kwenye ziwa hili. Lakini tulichojifunza ni kwamba mahali huelemewa kulingana na udogo wake. Meli ndogo kwenye kijiji kidogo ni mzigo uleule.

Katika kisiwa cha Santorini, Ugiriki, kuna siku moja ya Julai 2024 walishuka watu takribani 11,000 kutoka kwenye meli, na kiongozi mmoja wa pale akawaomba wenyeji wapunguze kutoka majumbani mwao. Fikiria, Mheshimiwa, mama wa Kibirizi aambiwe asiende sokoni leo kwa sababu wageni wamejaa njiani. Mwaka uliofuata ndipo wakaweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku.

Huko Venice, Italia, meli kubwa zilizoea kupita kwenye mfereji unaokatiza mbele ya majumba ya kale. Tarehe 2 Juni 2019 meli ya MSC Opera ilishindwa kusimama, ikagonga gati pamoja na boti ya watalii iliyokuwa imefungwa hapo, na watu wakaumia. Tulionyeshwa picha zake. Darasa zima lilinyamaza, kwa sababu sisi wenye boti hatukuitazama ile meli. Tuliitazama ile boti ndogo. Ilichukua miaka miwili mingine kabla meli zenye ujazo wa tani zaidi ya 25,000, au urefu wa zaidi ya mita 180, kukatazwa kupita pale, kuanzia tarehe 1 Agosti 2021.

Norway wana ghuba nyembamba zilizobanwa na milima mirefu, wao huziita fiodi. Kijiji cha Geiranger kina wakazi mia mbili na kitu, lakini wakati wa kiangazi hupokea meli zenye maelfu ya watu. Moshi wa meli hizo ukikosa upepo hubaki umening'inia bondeni. Mwaka 2018 bunge lao liliamua kwamba ifikapo 2026 meli zinazoingia kwenye fiodi zilizo katika urithi wa dunia zisitoe tena gesi chafu. Muda ulipokaribia, meli kubwa zikaongezewa mpaka 2032. Sisi tulijifunza jambo hapo: meli ikishazoea kuingia na watu wakishazoea pesa yake, kuirudisha nyuma ni kazi ya miaka mingi.

Na si kwamba wenyeji wote husema kitu kimoja. Juneau, Alaska, ni mji wa watu kama 32,000, na mwaka 2023 ulipokea abiria wa meli zaidi ya milioni 1.6. Mji ulikubaliana na makampuni kuwa zisizidi meli kubwa tano kwa siku kuanzia 2024, na kuanzia 2026 abiria wasizidi 16,000 kwa siku, Jumamosi 12,000. Lakini walipopiga kura Oktoba 2024 kama Jumamosi pasiwe na meli kabisa, wengi walikataa, maana wana maduka, wana boti, wana watoto wa kusomesha. Tunawaelewa kabisa. Key West, Florida, ilikuwa kinyume chake: wananchi walipiga kura mwaka 2020 kupunguza meli, na mwaka 2021 sheria ya jimbo ikaifuta kura yao. Ndiyo maana leo tumekuja kwako, Mheshimiwa. Kikomo kilichowekwa na kikundi cha wenye boti peke yao kinaweza kufutwa kwa barua moja.

Sasa turudi kwenye maji yetu, maana ziwa hili lina udhaifu ambao bahari haina.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470. Ukilitazama kutoka Bangwe jioni unadhani haliwezi kujaa wala kuchafuka. Lakini maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na mengi zaidi hupotea kwa kuchomwa na jua. Wataalamu wanakadiria kuwa maji yakishaingia humu hukaa mamia ya miaka. Maana yake mafuta yaliyomwagika leo watayarithi wajukuu wa wajukuu zetu. Na samaki wote tunaowategemea, dagaa, migebuka, kuhe, wanaishi kwenye tabaka la juu tu; ukishuka chini zaidi maji hayana hewa. Nyumba ni ndefu lakini chumba cha kulala ni kimoja.

Kuna hesabu moja tuliifanya wenyewe ubaoni. Kanuni za kimataifa za baharini huruhusu meli, ikiwa inatembea, kumwaga maji ya vyoo yasiyosafishwa ikiwa umbali wa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, yaani kama kilomita 22. Ziwa letu kwa wastani lina upana wa kilomita 50. Toa 22 za upande wetu, toa 22 za upande wa Kongo. Kinachobaki katikati ni ukanda wa kilomita sita. Katika ziwa hili hakuna mahali panapoweza kuitwa mbali. Na mji wa Kigoma Ujiji maji ya kunywa tunayatoa humuhumu.

Halafu kuna sokwe. Hayati Dakta Jane Goodall alishuka Gombe kwa boti tarehe 14 Julai 1960, na tangu hapo dunia imekuwa ikipita kwenye mwalo huu kwenda kuwaona. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, ule wa polio, uliwakumba sokwe wa Gombe, wengine wakafa. Mahale nako magonjwa ya kifua yamewahi kuua. Mafua ya mgeni mmoja ni msiba kwao. Ndiyo maana Mahale wageni huenda makundi yasiyozidi watu sita, wakiwa wamevaa barakoa, na wakikaa na sokwe saa moja tu. Watu sita! Hebu tupige hesabu ya meli ya watu 200 ikitia nanga asubuhi na kutaka kung'oa nanga jioni. Ni makundi zaidi ya thelathini. Ama wageni wengi watarudi bila kuona kitu, ama kanuni itavunjwa, na sisi tunaoishi hapa tunajua presha ya mgeni aliyelipa ilivyo.

Tuna mfano mdogo wa kwetu. Msimu mmoja wa kiangazi kampuni moja ilileta wageni kama sitini kwa mkupuo. Walikuja na chakula chao kwenye maboksi, maji yao, hata boti zao za kukodi kutoka kwingine. Walishuka hapa, wakapiga picha, wakasukumana na akina mama waliokuwa wakianua dagaa, wakaondoka kabla ya saa tisa. Tulibaki tukiokota chupa na maboksi mpaka magharibi. Kikundi kizima siku ile kilipata safari moja. Bibi mmoja alikanyagiwa dagaa wake wa siku mbili na hakuna aliyemlipa. Hao walikuwa sitini tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuleti ombi hili kama watu wasiojua maana ya kujizuia. Tarehe 15 Mei 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, mpaka 15 Agosti. Wengi wa wanachama wetu ni wavuvi au wake wa wavuvi. Vipe, vyombo vyetu vya uvuvi, vilipandishwa nchi kavu, watu walikula ugali wa muhogo kwa mboga za majani, na wengine walilalamika kwa uchungu, hatufichi. Lakini tulifunga. Ikiwa mvuvi wa Katonga ameweza kukaa miezi mitatu bila wavu ili samaki wazaliane, basi na mwenye meli ya kitalii anaweza kuambiwa: leo nafasi zimejaa, njoo kesho kutwa.

Kwa hiyo tunaomba, kabla leseni ya kwanza ya meli ya kitalii haijatolewa, wataalamu wa ziwa, hifadhi na bandari wakae na sisi wenyeji wapange idadi ya wageni wanaoweza kushuka kwa siku Gombe, Ujiji na hapa Kibirizi, na idadi hiyo iandikwe kwenye sheria ndogo, si kwenye vipeperushi. Tunaomba iwe marufuku kwa meli ya kitalii kumwaga tone la maji machafu ziwani, yawe yamesafishwa au hayajasafishwa. Yaletwe bandarini, na pajengwe mahali pa kuyapokea, meli ilipie. Tunaomba pia ule utaratibu wa Liemba urudi: meli isimame nje, na boti za wenyeji ndizo zishushe wageni. Hapo kikomo kitajilinda chenyewe, kwa sababu boti zetu zina idadi, na kila mgeni atakayekanyaga mchanga atakuwa ameacha kitu kijijini.

Jambo la mwisho liko juu ya uwezo wa wilaya, lakini tunaomba utufikishie. Ziwa hili ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko Bujumbura. Sisi tukiweka kikomo Kigoma na wenzetu wa Kalemie, bandari ya upande wa Kongo, wasiweke, meli itahamia Kalemie na uchafu wake utaturudia kwa upepo uleule wa kusi. Nchi nne zilikubaliana juu ya kufunga uvuvi. Zikubaliane na juu ya hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kutukabidhi vyeti tumekuandalia safari fupi, kutoka hapa kuelekea kaskazini kwenye njia ya Gombe, ukaione pwani tunayoizungumzia ukiwa majini. Jaketi yako iko kwenye kiti cha mbele. Boti hiyo imeandikishwa kwa watu ishirini, na majina ishirini tayari yameandikwa. Wageni wengine waalikwa tunawaomba radhi, watapanda zamu ya pili.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanachama,
Mwalo wa Kibirizi, Kigoma.