Chora mstatili kabla ya kuamini jibu la eneo

Mhariri,

Tunawaomba walimu wenzetu wa hisabati hapa Mwanza, na wanafunzi wa kidato cha sita, jambo moja: kabla ya kutafuta eneo chini ya mkunjo wa saini (sin) kwa intigrali, yaani hesabu ya kujumlisha vipande vyembamba vya eneo, chora mstatili unaoufunika. Ni kazi ya nusu dakika, na inasikitisha kuona ikirukwa kwa kuogopa kupoteza muda.

Nundu moja ya y = sin x, kuanzia 0 hadi π, ina kimo cha 1 na upana wa π. Mstatili wake una eneo la 3.14, pembetatu inayoingia ndani ya nundu ina 1.57. Jibu lazima liangukie katikati. Intigrali ya sin x ni −cos x, kwa hiyo −cos π − (−cos 0) = 1 + 1 = 2. Sawa kabisa. Anayeacha mabano huandika −cos π − cos 0 na kupata 0.

Sasa chukua sin 2x, kuanzia 0 hadi π/2. Wengi huandika −cos 2x, wanapata 2 na kuipigia mstari. Lakini mstatili wa hapo ni 1.57 tu, 2 itaingiaje? Wamesahau kugawa kwa 2. Ni −½cos 2x, na eneo ni 1.

Kikokotoo nacho kikiachwa kwenye nyuzi kitaisoma π kama nyuzi 3.14, ambayo kosaini (cos) yake ni 0.9985, na ile 2 yetu itageuka 0.0015. Kiwekeni kwenye radiani, kipimo cha pembe ambacho π ni sawa na nyuzi 180. Kanuni yenyewe ya −cos x inafanya kazi kwa radiani tu.

Kutoka 0 hadi 2π, fikiria wimbi la ziwani: mgongo juu ya maji yaliyotulia, bonde chini yake. Intigrali inatoa 2 na −2, zinafutana. Swali likitaka eneo, kata mkunjo kwenye π, hesabu kila kipande peke yake, ondoa alama ya kutoa, kisha jumlisha: 4.

Kwa sin²x, usiandike sin³x/3. Kuanzia 0 hadi π hiyo inaleta 0, ilhali mkunjo wote uko juu ya mhimili. Ibadilishe kwanza kuwa ½(1 − cos 2x), upate π/2.

Walimu wa hisabati,
Nyamagana, Mwanza