Wakili tuliletewa wodini, sasa tutamtoa vipi?

Mhariri,

Mimi huuza omena sokoni Kibuye. Mume wangu alikuwa bodaboda hapa Kisumu mpaka matatu ilipomgonga karibu na Mamboleo, miaka miwili na miezi minne iliyopita. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Chuma alichowekwa bado kimo ndani, na daktari amesema lazima kitolewe siku moja. Kwa pesa gani, hakusema.

Siku ya tatu wodini alikuja kijana wa suti, ana faili ya manjano na kijisanduku cha wino. Alitupa pole, akatununulia soda. Nikamwacha akimliwaza mgonjwa, nikaenda kutafuta uji. Mume wangu alikuwa ametoka kudungwa sindano ya maumivu, hata jina langu alikuwa akilikosea. Niliporudi nikaambiwa tayari tumepata wakili. Gumba lilikuwa limeshachovywa wino na kukandamizwa kwenye karatasi tatu. Doa la buluu lilibaki kwenye bendeji hadi nesi alipoibadilisha.

Yule kijana si wakili, ni broka wa kumtafutia wakili wateja. Tena ni mtoto wa rafiki wa mama mkwe, wanasali kanisa moja, na hapo ndipo pananibana. Nikiuliza chochote naambiwa sina shukrani.

Karatasi zinasema tukishinda wakili atachukua asilimia 40, tukishindwa hatulipi kitu. Nami niliona huo ni msaada mkubwa. Juzi mpwa wa mume wangu, anayesomea sheria, alizisoma akacheka. Anasema kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakikubali mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu, na kwamba kuna viwango vya malipo vilivyowekwa kisheria. Alitafuta pia jina la huyo wakili kwenye orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya. Yumo, na leseni yake ni ya mwaka huu. Kwa hiyo mtu ni wa kweli, ila hatujawahi kumwona uso.

Nikapanda tuktuk hadi ofisini kwake mjini. Karani akaniuliza, "Mama, wewe ni wa nani?" Nikamtajia ukoo wetu. Kumbe anataka jina la broka aliyetuleta! Nikaomba namba ya kesi. Hakuna. Kilichofanyika muda wote huu ni barua moja ya madai iliyopelekwa kwa kampuni ya bima. Wakili yuko kortini, nirudi siku nyingine. Nimerudi mara tatu.

Kinachoninyima usingizi ni huu muda. Mpwa anasema mtu aliyeumizwa kwenye ajali ana miaka mitatu ya kufungua kesi, na barua ya madai haisimamishi hesabu hiyo. Tumebakiwa na miezi minane.

Juu ya hayo, wiki iliyopita mtu wa bima alimpigia mume wangu moja kwa moja. Anatoa shilingi 280,000, tukiweka sahihi kwamba hatudai tena. Mume wangu anazitaka. Simlaumu, maana mwanamume aliyezoea kurudi jioni na pesa ya unga sasa ananiomba mimi ya kunyolea. Ameshaanza hata kuulizia bei ya pikipiki. Lakini tukisaini, chuma kitatolewa kwa omena zangu.

Shemeji naye ana yake. Anasema mawakili ni wa matajiri, twende wenyewe Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu hujisemea na kiwango cha juu ni shilingi milioni 1. Kwa deni la omena ningeenda hata kesho, maana daftari langu linaongea. Kwa mguu nasita. Bima watasema mume wangu alikuwa akipita upande usiofaa, na kwamba hakuwa na helmeti. Helmeti alikuwa nayo, ninayo nyumbani imepasuka. Je, mimi ndiye nitakayembana dereva kwa maswali, nimweleze hakimu ripoti ya daktari na kukadiria gharama ya upasuaji ujao?

Ndiyo maana naona wakili tunamhitaji, ila si wa kuokotwa wodini. Safari hii nataka nimhoji mimi: kikao cha kwanza ni bei gani, ada yake anaihesabuje, atakwenda kortini yeye au atatuma mwingine, na nikitoa hata shilingi 500 nitapewa risiti? Nimesahau lipi hapo?

Na huyu wa kwanza tunaachana naye vipi? Kwa kuwa hakuna kesi iliyofunguliwa, barua yetu inatosha? Broka alichukua fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, na abstrakti, yaani muhtasari wa polisi wa ajali, zote orijino. Mimi nina nakala, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na risiti za hospitali kwenye mkebe wa biskuti. Nasikia wakili anaweza kushikilia faili mpaka alipwe. Alipwe nini, kwa barua moja? Najua kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ila naogopa tukianza na malalamiko miezi minane itaishia huko.

Swali la mwisho: Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ile ya sheria ya 2016, inapokea kesi za ajali za watu kama sisi, au ni ya mahabusu tu?

Mtu wa bima amesema atapiga tena Jumatatu. Simu nimeiweka mimi, na mume wangu amenikasirikia tangu jana.

Muuza omena,
Nyalenda, Kisumu