Barua kwa somo yangu kuhusu kikundi cha Jumamosi

Somo yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Nimefurahi sana kusikia kwamba sebule ya Ngamiani imepatikana na vijana kumi wamekubali kukutana kila Jumamosi kuandika programu pamoja. Umeniuliza habari za umeme na bando, nami nitazifikia. Natanguliza jambo la majina, kwa sababu hilo ndilo huvunja urafiki kwenye vikundi vya namna hii, na huvunja kimyakimya.

Umesema watatu kati yao hawana laptopu na watatumia za wenzao. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, haijui nani ameketi mbele ya kibodi. Huandika jina na barua pepe zilizowekwa kwenye mashine ile tangu mwanzo, kwa hiyo kazi ya binti aliyehangaika alasiri nzima itaingia kwenye historia ya mradi kwa jina la mwenye laptopu. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Lakini siku akiomba kazi, mwajiri akafungua akaunti yake ya GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git, atakuta patupu. Basi kila anayeazima mashine aingie ndani ya folda ya mradi, aandike:

git config user.name "Jina lake"
git config user.email "barua pepe yake"

Asiongeze --global, maana hilo litabadilisha mpangilio wa miradi yote ya mwenye laptopu na kumgeuzia kibao. Kama wawili wanapokezana mashine moja kwa mradi mmoja, kila mmoja awe na nakala yake kwenye folda yake. Kabla ya kusukuma kazi mtandaoni watazame git log -1, waone jina lililoandikwa. Likiwa si lake, na kazi haijatoka, git commit --amend --reset-author --no-edit hurekebisha. Ikishatoka na wengine wakaivuta, kurekebisha ni taabu, kwa hiyo wazoee kutazama mapema.

Wakifanya kazi wawili wawili, na nakusihi wafanye hivyo, mmoja awe dereva na mwingine konda. Dereva anashika kibodi, konda anatazama mbele: anasoma, anauliza, anatafuta maelezo ya lugha. Wabadilishane kila baada ya dakika 25, na simu ipige kengele ili pasiwe na wa kumwambia mwenzake "sasa basi". Kosa linalorudi kila mahali ni aliye hodari kunyakua kibodi na kumaliza kazi kwa dakika mbili. Mwenzake hutazama vidole vikiruka, hajifunzi kitu, na wiki ya tatu haji. Weka sheria kwamba konda hagusi kibodi. Akijua jibu, alitaje kwa maneno. Dereva aliandike mwenyewe, hata kama itachukua robo saa. Mwisho wa kazi, kwenye ujumbe wa komiti, yaani hatua ya kazi inayowekwa kwenye historia ya Git, waache mstari mmoja mtupu kisha waandike:

Co-authored-by: Jina la mwenzake <barua pepe yake>

GitHub itawaonyesha wote wawili kuwa wenye kazi, mradi barua pepe iwe ile ile iliyo kwenye akaunti ya mwenzake. Mstari mtupu ukisahaulika, mara nyingi jina halitambuliwi.

Siku nyingine za wiki watakuwa wakiulizana WhatsApp. Hapo wafundishe kuuliza, somo, maana swali baya huchosha hata mwenye moyo. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haifai: anayejibu hawezi kunakili maneno, wala kuyatafuta baadaye. Wabandike maandishi ya kosa, waseme walifanya nini, walitarajia nini, kilitokea nini, na wanatumia toleo lipi. Wajue pia pa kutazama. Python hutaja kosa kwenye mstari wa mwisho kabisa, ilhali anayeandika C na kuitafsiri kwa programu ya GCC, aanze na kosa la kwanza juu, kwani yaliyo chini yake mara nyingi yamezaliwa na hilo. Mtu akikwama nusu saa bila kusogea, aulize. Kukaa siku mbili na aibu hakumsaidii yeye wala kikundi.

Itatokea mtu abandike kundini faili lenye nenosiri au ufunguo wa huduma fulani. Asikemewe mbele ya watu. Jambo la kwanza ni kuufuta ufunguo huo kule ulikotolewa na kuomba mpya. Kufuta ujumbe hakutoshi, na kama uliingia kwenye Git, git rm haiuondoi kwenye historia. Faili la .env, linalotunza siri kama hizo, liandikwe kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha, kabla ya komiti ya kwanza.

Kuna na fedha. Duka au shule ya mtaani itawaomba tovuti, na hapo marafiki wengi hugeuka mahasimu. Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, wakae waandike ukurasa mmoja: nani anafanya nini, malipo yanagawanywaje, sehemu ya kwanza inalipwa lini, na mteja anaruhusiwa mabadiliko mangapi kabla hayajawa kazi mpya. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja na kwa barua pepe yake. Akisajili mmoja wa vijana kwa jina lake, siku akihamia mji mwingine au wakikosana, mteja ameshikwa na wenzake wameaibika. Ada ya jina na ya mahali tovuti inapokaa hulipwa tena kila muda wake ukiisha. Waandike nani atailipa, kwa sababu tovuti nyingi ndogo hufa hapo tu.

Sasa umeme. Chaja kumi za wati 65 ni wati 650, na ekstensheni ya ampia 13 kwa volti 230 hubeba karibu wati 3,000, kwa hiyo laptopu si tatizo. Tatizo ni birika la chai la wati 2,000 kuchomekwa hapo hapo, jumla ikakaribia kikomo, au ekstensheni mbili kuunganishwa mkia kwa kichwa. Waya mwembamba hupata moto. Chai ichemshwe jikoni. Ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote, isitumike ikiwa imejikunja.

Bando lisiliwe na upakuaji wa kurudia. Mradi mkubwa mmoja auvute, kisha atoe faili moja kwa git bundle create mradi.bundle --all, na wengine wafanye git clone mradi.bundle kutoka kwenye flashi. Wakumbuke kwamba origin yao, yaani anwani ambako Git husukuma kazi, sasa inaelekea kwenye flashi. Waibadilishe kwa git remote set-url origin, ikifuatiwa na anwani halisi, la sivyo kusukuma kutagoma. Flashi iwe na mfumo wa mafaili wa exFAT, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Kwa Python, pip download -d vifurushi -r requirements.txt huleta mara moja vifurushi vyote vya programu saidizi vilivyoorodheshwa kwenye faili hilo, na wengine wanasakinisha bila mtandao kwa pip install --no-index --find-links=vifurushi -r requirements.txt. Ila vifurushi vingine vina sehemu zilizotengenezwa kwa mfumo maalumu: cha Windows hakiingii Linux, na cha toleo moja la Python huenda kikakataliwa na jingine.

Kwa hiyo nahitaji kitu kutoka kwako kabla ya Alhamisi. Niandikie wangapi wanatumia Windows na wangapi Linux, na kila mmoja anapata jibu gani akiandika python --version. Nitavipakua vifurushi huku, nijaze flashi mbili, na Ijumaa asubuhi zitakuja na basi.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Somo