Jirani kapandisha ghorofa? Kabla hujanunua miashoki, kaa kwanza kwenye kiti chako

Mwezi wa pili mama mmoja wa Mbezi aliingia kitaluni kwetu na haraka zake. "Mwanangu, nataka miti mirefu kuliko yote uliyonayo, niipange ukutani leo leo." Jirani yake kapandisha ghorofa, na dirisha la juu limetazama moja kwa moja uwanja wa nyuma, pale anapopikia na kuanika nguo. "Sasa hata kuanua kanga mpaka nivae baibui. Kwangu mwenyewe!"

Kesi za namna hii zinatuletea wateja wengi kuliko maua. Viwanja vya Dar vimebanana, na ukuta wa futi saba unamzuia mpita njia tu. Aliye juu haumhusu. Ndipo mtu anapokimbilia miti inayokua haraka na isiyopukutika majani, na karibu kila mmoja anakuja na wazo lilelile: aipange kuufuata ukuta, kona hadi kona.

Huyu mama hatukumuuzia kitu siku ile. Tulikwenda kwake na ufito mrefu na tepu. Tukamkalisha kwenye kiti chake cha plastiki pale jikoni nje, kijana wetu akawa anasogea na ule ufito, mama akisema "bado… bado… hapo!" kila kichwa cha ufito kilipoziba dirisha. Dirisha liko kama mita 3 nyuma ya ukuta, na macho ya mtu aliyesimama pale yako kama mita 5 kutoka chini. Kiti cha mama kiko mita 6 ndani ya ukuta. Ufito ukisimama mita moja kutoka ukutani, ilibidi ufike mita 3.3 ndipo dirisha lipotee. Ukisogezwa mpaka mita 4 kutoka ukutani, yaani mbili tu mbele ya kiti, mita 2 na kidogo zilitosha. Akisimama kuanika, ongeza mpaka 2.4.

Mwashoki, ndio mti tuliomchagulia, ukitunzwa huku kwetu unapanda kama mita moja kwa mwaka. Kwa hiyo kule kusogeza tu kumempunguzia mwaka mzima wa kungoja. Na badala ya miche 16 au 17 ya ukuta wake wa mita 20, alichukua 6. Ni kweli, pazia hili la miti linaficha jiko na kamba ya nguo tu, si uwanja wote. Lakini ukimuuliza mtu vizuri, utakuta analolalamikia ni sehemu moja au mbili: baraza, kamba ya nguo, dirisha la chumba.

Kuhusu mti wenyewe. Kwa Dar tunapenda mwashoki ule mwembamba unaoninginiza matawi, kwa sababu hauli nafasi na majani yake yanafika mpaka chini. Panda mita moja hadi moja na robo kati ya mti na mti. Ukibananisha nusu mita ili uzibe upesi, mwaka wa kwanza utafurahi. Baadaye inanyang'anyana mwanga, na majani ya chini yanakauka pale pale ulipotaka yakufiche.

Walio karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, kwenye udongo wa kichanga na upepo wa chumvi, tunawashauri mvinje. Machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, yalipoachwa yakiwa mwamba mtupu, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza mwaka 1971 kujaribu miti ya aina nyingi, na mvinje ni miongoni mwa michache iliyosimama. Mita 2 kwa mwaka kwa mvinje si ajabu. Ila uanze kuukata ncha na ubavu ukiwa bado wa kiunoni, na uendelee hivyo. Ukiuacha ukawa nguzo ndipo uje na panga, hauchipui vizuri tena kwenye shina lililokomaa.

Wateja wa Arusha na Iringa hutuuliza saiprasi, ule wengine wanauita mti wa Krismasi. Kwenye baridi ni mzuri, hapa Dar unateseka tu. Nao ukikatwa mpaka kwenye matawi ya ndani ya kahawia, yasiyo na majani, haurudi. Na uuangalie vidukari: kuelekea 1990 waliingia Afrika Mashariki na kukausha saiprasi nyingi, na bado wapo. Minyaa hatuuzi kwa nyumba yenye watoto. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Sasa kuhusu urefu wa mche, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela. Mwaka juzi tuliitwa Kigamboni na bwana mmoja aliyenunua mahali pengine miashoki ya karibu mita 3, kila mmoja ndani ya kiriba (mfuko wa nailoni wa kuoteshea) kidogo. Ilipendeza kweli wakati wa masika. Kusi ilipoanza kuvuma mwezi wa sita, ikalala mmoja baada ya mwingine. Tuliufukua mmoja: mizizi ilikuwa imejizungusha kama ngata, duara juu ya duara, umbo lilelile la kiriba, na hakuna hata mzizi mmoja uliotoka kwenda kwenye udongo. Mti ule ulikuwa umesimama juu ya ngata yake, haujashika ardhi. Mche wa mita moja wenye mizizi myeupe inayochungulia matundu ya kiriba utaupita huo mrefu, tumeona mara nyingi. Unaponunua, kwetu au kwa mwingine, omba wakupasulie kiriba kimoja uone. Muuzaji akinuna, ondoka.

Shimo futi mbili kwa mbili. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na ndoo ya samadi iliyooza vizuri, siyo ile inayofuka joto, itaunguza mizizi. Kiriba kiondoe chote (tumeshakuta miti ya miaka mitatu bado imevaa nailoni!), na usizike shina zaidi ya lilivyokuwa kitaluni. Tandaza nyasi kavu kuzunguka, lakini acha kiganja kimoja wazi kutoka shinani, maana Dar mchwa hawangoji kualikwa.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Mwezi wa kwanza ndoo ya lita 10 kila baada ya siku moja, kwa kila mti, taratibu, izame. Baada ya hapo ndoo mbili kwa wiki hadi mvua ishike. Kunyunyiza na mpira dakika mbili kila jioni kunalowesha vumbi tu na kuifundisha mizizi kubaki juu. Ukipanda mwanzo wa vuli au wa masika, mvua itakusaidia nusu ya mzigo.

Na mwambie kijana wa bustani asifyeke matawi ya chini ya mwashoki "kusafisha". Hilo ni sharti letu namba moja. Yakishatolewa, huenda ukabaki na nguzo yenye kofia.

Kero moja tunaisema mapema: mwashoki mkubwa ukizaa, popo huja usiku kula matunda, na asubuhi gari jeupe lina madoa. Usiupande juu ya maegesho, yako wala ya jirani. Wala chini ya nyaya za umeme.

Miche ya vuli tunaanza kuitenga mwezi wa tisa. Ukija, njoo na picha uliyopiga ukiwa umekaa kwenye kiti chako, simu ikiwa usawa wa macho, na umepima hatua kutoka kiti mpaka ukuta. Kama huna ufito wa kupimia, tutakuja na wetu.