Historia ya Datsun 240Z ya Nyakato isitungwe na madalali

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana hapa Mwanza saivi kuna madalali wakisikia tu kuna Datsun 240Z, ile gari ya spoti ya zamani ya Nissan, imelala uani kwa mtu wanafika na bei na stori tayari, eti hii ilikimbia Safari Rally, yale mashindano ya magari, eti ndo ile ile iliyoshinda. Jamani. Iliyoshinda Safari ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann ipo Japan, Nissan wenyewe wanaitunza kule Zama. 1973 240Z ikashinda tena, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, na stori hizo zote zinatokea hapo, kila mwenye 240Z anaambiwa yake ilikuwepo.

Ninayoiongelea mimi ipo Nyakato kwa mama mmoja mjane, marehemu mume wake aliinunua miaka ya themanini. Mimi ni fundi, familia imeniomba tujue imepita kwa nani na nani kabla haijauzwa, na kwa kweli wana haki ya kujua.

Cha kwanza ni chesisi. Kwenye hizi gari namba imegongwa kwenye bati la nyuma ya injini, ukifungua boneti unaiona, halafu kuna kibati chenye namba ya chesisi na ya injini. Ikianza HLS30 ni usukani wa kushoto, nyingi zilienda Marekani, ikianza S30 tupu hiyo ni Fairlady, jina la gari hii kule Japan, ya injini ya lita 2, HS30 ndo 240Z ya usukani wa kulia. Hii ni HS30 na injini ni L24 yenyewe, cc 2,393, namba zinaendana na kibati. Ukiwa umeona 240Z zilizotolewa injini zikafungwa yoyote iliyopatikana utaelewa kwanini nilifurahi.

Sasa kadi ya gari. Kadi ya zamani ipo, imekunjwa mpaka imechanika katikati, majina yameandikwa kwa mkono na wino umefifia, la kwanza linasomeka vizuri, la pili limepigwa mstari, la tatu ni la marehemu. Huyo wa pili ndo hatumjui. Wazee wa Makoroboi wanasema alikuwa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, wengine wanasema daktari, mi siandiki lolote mpaka nione karatasi. Na ukifikiria miaka yenyewe utaona kwanini karatasi zilipotea: 1971 majumba yakataifishwa na wenzetu wengi wenye asili ya Asia wakaondoka, kuna waliouza gari haraka haraka kwa jirani, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, mwaka huo huo ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na wazee wanasema enzi zile mtu mwenye gari ya kifahari hakutaka jina lake lionekane onekane. TRA yenyewe, inayosajili magari siku hizi, imeanza kazi 1996, gari hii ilisajiliwa zamani zaidi na bado ina plate namba ya zamani. Kuna ofisi moja nilienda kuulizia mafaili ya nyuma nikajibiwa yalishachomwa ili kupata nafasi. Yaani kumbukumbu ya mji mzima inachomwa kwa ajili ya nafasi ya meza! Iliniuma sana.

Halafu dalali anaitaka familia ipige rangi upya nyekundu na nyeusi ifanane na za Safari. Hapana. Nilipiga msasa kidogo kwenye ukingo wa mlango wa dereva, sehemu ndogo kama kidole gumba, juu ni nyeupe, chini yake nyekundu, chini kabisa orenji, na nyuma ukiinua kapeti orenji ile ile ipo haijaguswa. Hiyo ndo rangi iliyotoka nayo kiwandani. Hamna tobo la taa za ziada wala alama ya bomba za kujikinga kichwa gari ikipinduka, hii ilikuwa gari ya mtu ya kutembelea mjini na hivyo hivyo ni nadra na ina thamani yake. Ukiifunika kwa rangi ya uongo mnunuzi anayejua atafungua boneti, ataangalia namba, ataondoka, na mama wa watu atabaki na gari iliyoharibiwa.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba, na hata ndugu zetu walioondoka zamani wakaenda Uingereza na Canada, kama familia yenu ilikuwa na 240Z ya orenji au nyekundu miaka ya sabini angalieni kwenye makabati. Risiti ya gereji, stika ya bima, barua ya mauziano, picha ya harusi gari ikiwa imepambwa, chochote. Picha hasa ni zile ambazo plate namba inaonekana. Msikate pembeni wala kuzisafisha, zipigeni tu kwa simu mbele na nyuma mzitume kwa mhariri, atanifikishia.

Fundi magari,
Nyakato, Mwanza