Ziara ya Jumamosi: safari hii tukae

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Asanteni kwa michango kwa ajili ya yule bibi tunayemtembelea. Unga kilo 25, maharage, mafuta ya kula na sabuni za mche vimeshanunuliwa, viko kwangu. Anayetaka kuongeza sukari bado ana nafasi.

Ila kuna jambo limenikaa moyoni tangu ziara iliyopita. Tulishusha mzigo, tukapiga picha, tukaomba dakika mbili, bodaboda wanatusubiri nje. Bibi akanishika mkono: "Mwanangu, kaeni kidogo. Tangu mguu huu unilaze sijaimba na watu." Tukaondoka. Nimejilaumu sana.

Someni 2 Wakorintho 9:12. Paulo alikuwa anawachangishia watakatifu wa Yerusalemu, akawaambia Wakorintho kwamba utoaji wao unawatosheleza wahitaji na pia unazaa shukrani nyingi kwa Mungu. Yakobo naye (2:15-16) anatukumbusha upande wa pili: mwenye njaa ukimuaga kwa amani bila kumpa kitu, hujamsaidia. Basi unga uende, na sisi tuende nao, tukae.

Jumamosi tukutane kanisani saa 3 asubuhi. Njooni na Biblia na vitabu vya nyimbo. Wimbo wa kwanza atachagua bibi mwenyewe. Tutapika uji pale pale tunywe naye, na vijana wawili wamchotee maji, maana niliona pipa lake limebaki tupu kabisa. Picha tusipige.

Asiyeweza kufika aniambie kabla ya Ijumaa jioni, nipange usafiri.