Dhahabu imegeuka kijani: kabla hujasema umetapeliwa

Kila masika yakipita tunaletewa ujumbe wa namna hii: "Mliniuzia mani planti ya dhahabu, sasa bustani nzima ni kijani. Rudisheni hela." Kwa kawaida unakuja na picha, na picha yenyewe inajibu: mwembe mnene, matawi yamelalia ukuta, na chini yake giza mchana kweupe.

Mani planti, ule mmea unaotambaa wenye majani ya kijani yenye michirizi ya dhahabu, inavumilia kivuli, hilo halina ubishi. Asili yake ni kisiwa cha Moorea, Polinesia ya Ufaransa, na hapa Dar inatambaa vizuri mahali ambapo ukoka unakufa hata uupande mara ngapi. Lakini kwenye jani, sehemu ya dhahabu ni ile iliyopungukiwa na kijani, na kijani ndicho kinachopika chakula cha mmea. Ukiuweka gizani, mashina ya kijani yanashika nguvu na kuyafunika yenye dhahabu. Jua kali nalo linababua majani. Ndiyo maana kwenye makadirio yetu kuna kupunguza matawi, mwanga uchujike. Wateja wanauliza, "Nimeagiza maua, mti unahusikaje?" Unahusika sana.

Mama mmoja wa Mbezi aliona bei yetu kubwa, akamtuma kijana wake akakate kwa jirani. Kukata kwa jirani si kosa, mmea huu unaota hata kwenye chupa ya maji. Tatizo, kijana alikata mashina yaliyokuwa karibu na mkono, na karibu yote yalikuwa kijani kitupu. Shina la kijani huzaa kijani. Alipotuita baadaye, kung'oa kulimgharimu kuliko ambavyo kupanda kungemgharimu, maana kila kifundo kilichobaki ardhini kilichipua upya.

Sisi tunachagua shina kwa shina. Kipandikizi chenye mchirizi wa dhahabu, vifundo viwili au vitatu, kinakaa kwenye kiriba hadi mizizi ijae. Kwa nafasi ya sentimita 30, mita moja ya mraba inameza miche kama 11. Yupo atakayekupandia minne kwa bei ya chini, halafu palizi ya magugu utalipia wewe.

Udongo chini ya mti nao una adabu yake. Kwa mzee wetu mmoja wa Mikocheni, fundi aliyetutangulia alikata mizizi ya mwembe apate kulima, kisha akamwaga lori zima la udongo mweusi na kuurundika hadi kwenye shina. Bustani ilipendeza kwa muda, mwembe ukaanza kukauka matawi. Sisi tunachimba vishimo katikati ya mizizi, tunatia mboji kwenye kishimo, basi. Ni kazi ya polepole na vijana wanalipwa kwa siku. Urea tunaikataa: ukizidisha unachoma mizizi.

Wa Kigamboni na kwingine penye visima vya chumvi: kingo za majani zikiungua, chunguzeni maji kwanza kabla ya kutupigia simu.

Utomvu wa mani planti unawasha mdomo na koo. Mbuzi, mbwa na watoto wanaotafuna kila kitu wawe mbali nayo. Ikianza kupanda mti, ikate mapema, la sivyo majani yatakuwa makubwa kama sinia na ya chini utayasahau. Masalia usitupe mtaroni, maana yataota huko.

Anayetaka manjano tupu, ipo aina ya mani planti iitwayo neoni. Majani yake machanga yanang'aa, ya zamani yanakolea kidogo, na hayo pia msije kuyaita utapeli.

Tunakuja kupima mchana, kivuli kikiwa kimetulia. Ada ya kupima tunaikata kwenye bei ya kazi ukikubaliana nasi. Usipokubali, hairudishwi.